UZI: Jina Edward lina maana gani hasa, na lilimfikiaje babu yangu kule Mbinga?

#1 Mjukuu wa Mbinga

Wakuu, habari za jioni.

Mama watoto kajifungua salama wiki mbili zilizopita. Dume, kilo tatu na nusu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu, na babu yangu aliitwa Edward. Mimi sina neno. Neno limetoka kwa baba mkwe.

Mzee alikuja kumwona mjukuu, akanywa chai, akamaliza vitumbua, halafu akauliza kwa ule upole wa kumtega mtu: "Edward maana yake nini?" Nikajibu ni jina la Kikristo, baba. Akasema, "La Kikristo nimesikia. Nimeuliza maana." Mjue yeye watoto wake wote majina yanajieleza: Tumaini, Neema, Baraka, na Faraja ambaye ndiye mke wangu. Nikabaki naangalia birika.

Usiku nikaingia mtandaoni. Mmoja kaandika mlinzi wa mali, mwingine mlinzi tajiri, wa tatu askari tajiri. Hapo kwa askari tajiri nikazima simu nikalala.

Kadi ya ubatizo ya babu ipo, imeandikwa kwa wino EDUARDUS, ingawa kijiji kizima kilimwita Eduwadi. Mwenye kujua anisaidie, Jumapili nakwenda ukweni.

#2 Ngoja Waje

Hongera ya mtoto mkuu. Mimi nimetandika mkeka, wajuzi wapite mbele.

#3 Kinyozi wa Kata

Edward ni Kiebrania hilo. Lipo Agano la Kale.

#4 Mama Nne

Kitabu gani, sura ya ngapi?

#5 Kinyozi wa Kata

Nimeangalia, nilikuwa nafikiria Edomu. Napita zangu.

#6 Kalamu Kavu

Hongera sana kijana. Ngoja nivae miwani.

Edward halimo kwenye Biblia, si la Kiebrania, si la Kigiriki wala si la Kilatini. Ni jina la asili la Waingereza, la enzi zile ambazo bado tunawaita Waanglo na Wasaksoni, watu waliovuka bahari kutoka pwani ambazo leo ni Ujerumani na Denmark wakaingia kisiwa kile kuanzia karne ya 5. Watu hao walipenda jina la vipande viwili. Hili vipande vyake ni ead na weard. Eadweard.

Weard ni mlinzi. Na usidhani neno hilo limekufa, umetoka nalo hospitali juzi. Wodi ya wazazi alikolazwa mama watoto ni neno hilohilo: pahali penye ulinzi na uangalizi. Wafaransa nao walikuwa na neno la ukoo huo walilolipata kwa makabila ya Kijerumani, ila midomo yao ikageuza w kuwa g. Wakalipeleka Uingereza likiwa guard, likafika kwetu likiwa gadi. Wazee waliopanda treni ya Reli ya Kati wanamkumbuka gadi na kijibendera chake. Hata lodi wa Kiingereza ni weard: asili yake hlafweard, mlinda mkate, yaani mwenye nyumba aliyeshika ufunguo wa ghala. Mkewe, lady, alikuwa hlaefdige, mkanda unga. Kwa hiyo lile Bunge la Malodi ni bunge la walinda mikate, na mtu asinicheke.

Kazi iko kwenye ead. Tovuti za haraka zinasema mali. Si uongo, ila wamekata kipande wakaacha nyama. Ead ni mali, ni bahati, ni kujaliwa, ni ile hali ya mtu ambaye mambo yake yamemnyookea. Ushahidi wangu huu hapa. Injili zilipotafsiriwa kwa Kiingereza cha kale, miaka kama 1000 iliyopita, Mathayo 5:3 ilianza hivi: "Eadige synd..." Eadig ni sifa inayotokana na ead. Sasa fungua Biblia yako ya Kiswahili mstari huohuo, inaanzaje?

"Heri walio maskini wa roho."

Ukishikilia kwamba ead ni mali tu, utamfanya Yesu awaambie maskini kuwa wana fedha. Neno letu la ead ni heri. Edward ni Mlinda Heri. Mwambie mkweo mjukuu wake hajatoka nje ya safu ya Neema na Baraka.

#7 Ngoja Waje

Hii ndiyo raha ya jukwaa hili. Mkeka wangu umelipa.

#8 Mjukuu wa Mbinga

Mzee Kalamu umenivusha. Mlinda Heri! Nimemsomea Faraja hapa, kacheka, kasema baba yake atauliza tena "heri ya nani?"

#9 Alfred wa Tabata

Samahani mleta uzi, nachomekea. Na Alfred je? Nina miaka 41 sijawahi kuuliza.

#10 Kalamu Kavu

@Alfred wa Tabata kaa kwanza.

Aelf na raed. (Herufi ile ya a na e zilizoungana simu yangu haina.) Raed ni shauri. Aelf ni... sisi tungesema jini. Mshauri wa majini, au mwenye shauri la kijini.

#11 Alfred wa Tabata

Mimi ni mwimbaji wa kwaya, mzee.

#12 Mama Nne

😂😂😂 Kwaya gani hiyo tuje tuombee

#13 Kalamu Kavu

Usiogope. Kwao aelf hakuwa shetani. Walikuwa viumbe wasioonekana, wengine wazuri mno. Kuna shairi la kale linalomsimulia Yudithi, na linamsifu kuwa uzuri wake unang'aa kama wa aelf. Ni kama mpwani anaposema msichana ni mzuri kama jini, haendi kwa mganga, anasifia. Upande wa pili walikuwepo pia wa kuumiza: vitabu vyao vya tiba vina maneno ya kumwombea mtu aliyeshikwa na kichomi cha ghafla, wakiamini huenda kapigwa mshale na aelf. Yaani kama majini wetu tu, wapo wema na wapo wakorofi. Mfalme Alfred wa Wessex, aliyefariki mwaka 899, alikuwa mcha Mungu kuliko wengi wetu hapa, na alitafsiri vitabu vya dini na jina lake hilohilo la jini.

Tena mwanawe aliyemrithi aliitwa Edward. Na kwa huyo Edward ndipo ead ilipopamba moto kwenye familia: miongoni mwa wanawe walikuwepo Edwin, Edmund na Eadred. Edmund naye akazaa Eadwig na Edgar. Edgar akazaa Edward mwingine. Ukisoma orodha ya wafalme wa karne ile ya 10 unachanganyikiwa kama unaita mahudhurio ya darasa lenye akina Hamisi saba.

#14 Dada wa Hesabu

Kwa hiyo Edwin, Edmund na Edgar wote ni heri + kitu? Mume wangu Edwin.

#15 Kalamu Kavu

Ndiyo. Edwin ni heri na rafiki. Edmund ni heri na mkono unaokinga. Edgar ni heri na mkuki. Edith wa kike ni heri na vita, sijui wazazi walikuwa wanawaza nini.

Na kwa wale wanaoshikilia tafsiri ya mali: Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, mwaka 1966, alikuwa Edwin Mtei. Rafiki wa Mali kapewa ufunguo wa hazina. Hapo nakubali nusu hoja yao.

#16 Mpinga Hoja

Naomba kupingana kidogo na mzee wangu kwa heshima. Tunawapa Waanglo-Saksoni hekima ambayo huenda hawakuwa nayo. Hawa watu walikuwa na mfuko wa vipande: ead, aelf, aethel, wulf, stan, weard, wine, raed. Mtoto akizaliwa unachomoa viwili unagundisha. Yuko Askofu Wulfstan wa Worcester, aliyefariki 1095. Wulf ni mbwa mwitu, stan ni jiwe. Mbwa mwitu jiwe ni maana gani hiyo? Jibu ni kwamba baba yake aliitwa Aethelstan na mama yake Wulfgifu. Wamechukua mkia wa baba na kichwa cha mama, basi. Jirani yangu hapa ana binti anaitwa Jofrida: baba Joseph, mama Frida. Miaka 1000 ijayo msomi mmoja ataandika kitabu kizima akitafuta maana ya Jofrida.

Kwa hiyo "Mlinda Heri" ni tafsiri nzuri ya vipande, lakini mama yake yule Edward wa kwanza huenda hakuwaza hivyo kabisa.

#17 Mama Nne

Jofrida 😂 Mimi wa kwangu wa tatu ni Elimary msinicheke

#18 Kalamu Kavu

@Mpinga Hoja umeongea kisomi, na Wulfstan umemtaja vizuri. Lakini walikuwa wanasikia maana, kijana. Chukua Aethelred, aliyetawala kuanzia 978. Aethel ni utukufu, uungwana, na raed tumeshasema ni shauri. Shauri Tukufu. Huyu bwana mambo yalimharibikia, Wadenmark wakamkamua fedha hadi wakamkimbiza nchini. Baadaye watu wakambandika lakabu: Unraed, asiye na shauri. Aethelred Unraed. Shauri Tukufu Bila Shauri. Utani huo hauwezi kutungwa na watu ambao majina yao ni vipande vilivyokufa. Ni kama sisi kumwita mtu "Amani wa Fujo".

Lugha ikibadilika ndipo maana inaposinzia. Leo Mwingereza ukimuuliza ead ni nini anakukodolea macho. Neno lenyewe limetoweka kwenye lugha yake, limebaki mafichoni ndani ya jina.

#19 Mpinga Hoja

Hilo la Unraed nalikubali. Point yako.

#20 Mwafrika Halisi

Nawasoma toka mwanzo na nasikitika. Mnahangaika na ead na mead ya wazungu. Babu alikuwa na jina lake la nyumbani akanyang'anywa akapewa Edward ili aingie peponi. Na wewe mjukuu unamrithisha mtoto mnyororo. Mpe jina la babu la kuzaliwa.

#21 Kinyozi wa Kata

Wewe jina lako halisi nani mkuu, tuanzie hapo

#22 Mwafrika Halisi

Gervas. Lakini si hoja.

#23 Mama Nne

Jamani msimcheke Gervas, ana hoja tena nzito kuliko anavyojua. Nilisoma historia ya Kanisa chuo, nikakutana na kitu ambacho hakijaniacha.

Edwin, mfalme wa Northumbria huko kaskazini mwa Uingereza, alikuwa mpagani. Mmisionari Paulinus, aliyetumwa kutoka Roma, akamhubiria kwa muda mrefu mpaka akakubali. Akabatizwa Pasaka ya mwaka 627 mjini York, kwenye kanisa dogo la mbao walilolijenga haraka. Sasa swali: alibatizwa jina gani?

Edwin. Aliingia Edwin akatoka Edwin. Hakuna aliyemwambia jina lako la kipagani, chagua Paulo au Yohana. Wengi wa wenzake vivyo hivyo. Wapo wachache waliobadilishiwa, Caedwalla wa Wessex alikwenda kubatizwa Roma mwaka 689 akaitwa Petro, lakini hao wa kuhesabu. Ndiyo maana watakatifu wa Kiingereza wa kale wana majina ya kwao: Oswald, Wilfrid, Cuthbert, Edmund. Jina la kikwao ndilo lililofanywa takatifu na maisha ya mwenye nalo.

Halafu miaka 1300 inapita. Jina lile lile la kikabila cha Waanglo linafika Songea, Moshi, Bukoba, na anaambiwa mtoto wa Kimatengo: la kwako haliwezi kuingia kwenye kitabu, hili hapa ndilo la Kikristo. Mimi kinachoniuma ndicho hicho. Edward halina kosa lolote. Ila wao waliruhusiwa kubatizwa na ya kwao.

#24 Mwafrika Halisi

Mama Nne umesema nilichotaka kusema ila vizuri zaidi.

#25 Dada wa Hesabu

Nimesoma #23 mara mbili. Nimekaa kimya.

#26 Mjukuu wa Mbinga

Na mimi. Kwa kweli sikuwahi kujiuliza "jina la Kikristo" ni la Kikristo kwa kipi.

#27 Kalamu Kavu

Mama Nne nakuvulia kofia. Naongeza kipande kimoja, cha jinsi jina lenyewe lilivyonusurika hata kwao, maana nalo lilitaka kufa.

Mwaka 1066 mfalme Edward, yule anayeitwa Muungama, alifariki tarehe 5 Januari bila mtoto. Siku nane tu kabla, 28 Desemba 1065, kanisa lake kubwa la Westminster lilikuwa limewekwa wakfu, naye akiwa mgonjwa hakuweza kwenda. Septemba ya 1066 William wa Normandi akavuka bahari, na Oktoba akampiga Harold, mfalme mpya, pale Hastings, nchi ikachukuliwa. Na majina nayo yakachukuliwa. Vizazi vichache tu, wakulima wa Kiingereza waliokuwa akina Godric na Leofwin wakawa wanawaita watoto wao William, Robert, Richard, Henry, majina ya mabwana wapya. Gervas hapo utacheka: Waingereza wenyewe walitupa majina ya babu zao ili wafanane na waliowatawala.

Edward likapona kwa sababu ya utakatifu. Papa Alexander III alimtangaza yule Muungama mtakatifu mwaka 1161. Miaka ikaenda, Mfalme Henry III akatokea kumpenda mtakatifu huyo kupita kiasi, akabomoa na kulijenga upya kanisa la Westminster kwa heshima yake, na mwanawe aliyezaliwa Juni 1239 akampa jina Edward. Mfalme anayeongea Kifaranga... samahani, Kifaransa, na damu yake ya Kifaransa, anampa mrithi wake jina la kizamani la wenyeji. Mtoto huyo ndiye Edward wa Kwanza, aliyeiteka Wales. Akafuata mwanawe Edward, na mjukuu Edward. Kuanzia 1272 hadi 1377, zaidi ya miaka 100, kila mfalme alikuwa Edward. Hapo jina likasimama, halikutikisika tena.

Angalizo la mwenye hesabu: huyo "wa Kwanza" ni wa nne. Kabla ya Wanormandi walishakuwepo watatu: mwana wa Alfred, yule kijana aliyeuawa Corfe mwaka 978 anayeitwa Shahidi, na Muungama. Walihesabu upya kana kwamba historia ilianza 1066.

#28 Alfred wa Tabata

Muungama ndiyo padri wa kitubio?

#29 Mama Nne

Hapana, huyo ni muungamishi. Muungama ni aliyeikiri imani maisha yake yote akafa kitandani. Walimwita hivyo kumtofautisha na yule Edward Shahidi, ambaye alikuwa baba yake mkubwa, kaka wa kambo wa baba yake.

#30 Alfred wa Tabata

Ukoo wao nao ulikuwa na mambo.

#31 Baharia Mstaafu

Nyie mnasema jina lilikuja na wamisionari. Pwani lilifika mapema zaidi, likiwa limevaa kanzu nyingine.

Edward wa Tatu alikuwa na mjukuu wa kike, Philippa wa Lancaster, aliyeolewa na mfalme wa Ureno mwaka 1387. Mtoto wao mmoja akapewa jina la huyo babu wa mama yake wa upande wa Uingereza. Kireno kikalitafuna Edward likawa Duarte, na Mfalme Duarte akatawala 1433 hadi 1438. Baada yake akina Duarte wakajaa Ureno. Mmoja wao, Duarte Barbosa, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kitabu cha nchi za Bahari ya Hindi, na ndani yake zimo Kilwa, Mombasa na Malindi, na zile nyumba za mawe na chokaa. Kwa hiyo Edward wetu alishaiona Kilwa miaka 400 na ushee kabla ya babu wa Mbinga. Mtu aliyetajwa Duarte mbele ya Mswahili wa Malindi alikuwa Edward, ila hakuna aliyejua.

#32 Kalamu Kavu

Duarte! Miaka yote nasoma hilo jina sikuwahi kuliunganisha. Umenifundisha leo baharia.

#33 Baharia Mstaafu

Na baadaye kuna Eduardo Mondlane wa FRELIMO ya Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu la kifurushi hapahapa Dar es Salaam, 3 Februari 1969. Eduardo, Duarte, Edward, mtu mmoja. Nilikuwa mtoto, nakumbuka wakubwa walivyonyamaza siku ile.

#34 Kampala Kwetu

Uganda tunaye Kabaka Edward Mutesa wa Pili, rais wa kwanza, naye alifia London mwaka huohuo wa 1969. Na tuna Ziwa Edward tunagawana na Kongo. Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza mwaka 1889. Idi Amin akaja akalipa jina lake mwenyewe. Alipoondoka, ziwa likarudi kuwa Edward. Samaki hawakuulizwa mara zote tatu.

Jambo la kuchekesha: yule mwana wa malkia nyumbani kwao hawakumwita Edward. Majina yake ni Albert Edward, na familia ilimwita Bertie. Edward la Saba alilichagua alipokalia kiti mwaka 1901. Na mjukuu wake Edward wa Nane, aliyeacha ufalme Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke, kwao walimwita David.

#35 Lushois

Huku Lubumbashi njo Édouard, lakini mu mtaa banamwita Edo tu.

#36 Mjukuu wa Mbinga

Edo! Na huku ni Edo. Faraja ameshaanza.

Tanzania nasi tusisahau: Monduli peke yake imetupa mawaziri wakuu wawili, Edward Sokoine na Edward Lowassa.

#37 Dada wa Hesabu

Kuna kitu sielewi, Waingereza Edward wanamkatiza kuwa Ned. N imetoka wapi?

#38 Mpinga Hoja

Hili nalijua. Zamani "yangu" kwa Kiingereza mbele ya irabu ilikuwa mine. Mama anamwita mtoto kwa mapenzi "mine Ed", Ed wangu. Sikio likasikia "my Ned". N ikahama kwa jirani haikurudi.

Usiwacheke, sisi tuna yetu. Baiskeli ina kile kibati cha kuzuia tope, kwa Kiingereza mudguard. Sisi tukasikia "madigadi", tukaona ma- hiyo ya wingi kama madaftari, basi kimoja kikawa digadi. Na ile gadi ya mwisho ndiyo ileile ya mzee Kalamu, ndugu wa ward kwenye Edward. Kwa hiyo Ned na digadi wamefanyiwa upasuaji mmoja.

#39 Ngoja Waje

Nimekuja kusoma jina la mtoto naondoka na digadi. Jukwaa hili 🙌

#40 Kinyozi wa Kata

Na yule mdoli dubu, tedi? Edward pia?

#41 Mpinga Hoja

Hapana. Tedi wa dubu ni Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, kisa cha kuwinda mwaka 1902. Ted ya Edward ipo ila si hiyo.

#42 Mama Nne

@Mjukuu wa Mbinga hebu nikuulize. Umesema kadi ya babu imeandikwa EDUARDUS. Hicho ni Kilatini, vitabu vya ubatizo viliandikwa kwa Kilatini. Na huko kusini walikuwa Wabenediktini, wengi Wajerumani na Waswisi. Mjerumani kumpa mtoto mtakatifu wa Kiingereza inahitaji sababu. Tazama tarehe kwenye kadi.

#43 Mjukuu wa Mbinga

Kadi ipo kwa baba. Nampigia atume picha.

#44 Mjukuu wa Mbinga

Wakuu. Natus (nadhani ndiyo kuzaliwa) 11 Oktoba 1941. Baptizatus 13 Oktoba 1941.

#45 Mama Nne

Nilijua! Tarehe 13 Oktoba kalenda ya Kanisa ya zamani, kabla ya marekebisho ya 1969, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Edward Mfalme na Muungama. Ndiyo siku masalia yake yalipohamishwa pale Westminster mwaka 1163. Padri aliletewa kichanga, akatazama kalenda ukutani, akaandika mtakatifu wa siku. Basi. Angecheleweshwa siku moja njiani mngekuwa mnabishana hapa maana ya Kalisto.

#46 Kalamu Kavu

Kwa hiyo mapenzi ya Henry III kwa marehemu mfalme, masalia kuhamishwa Oktoba, padri wa Kijerumani, yote yamekutana kwenye kadi moja.

#47 Mwafrika Halisi

Mimi nashikilia palepale: jina la nyumbani la babu nalo liandikwe. Wajina wa kalenda tu haitoshi.

#48 Mjukuu wa Mbinga

Gervas hapo tumekubaliana, litakuwa la pili. Ila nalijua nusunusu tu. Jumapili nikitoka ukweni nampigia bibi, ndiye aliyebaki.

#49 Mjukuu wa Mbinga

Mrejesho wakuu.

Ukweni: nilianza na Mathayo 5. Mzee alisikiliza, akaagiza aletewe Biblia yake, akavaa miwani, akausoma mstari kwa sauti. Akafunga. Akasema, "Sasa hilo ni jina." Halafu akanigeukia: "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Nikasema nilikuwa nalichunguza, baba.

Cheti cha kuzaliwa ofisi moja wametuandikia EDWAD, bila R. Tunarudi Jumatano na karatasi zote.

Bibi nikampigia. Jina la nyumbani la babu kanitajia taratibu, mara tatu, niliandike vizuri. Nikamuuliza na lile jingine, Edward, yeye alikuwa analitamkaje, Eduwadi au Eduadi? Akacheka sana. Akasema hajawahi kulitamka, miaka 52 ya ndoa. Mume haitwi jina. Alimwita Baba Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza.

Nikamwambia basi sasa mtoto yupo, utalitamka. Akasema, "Huyo? Huyo ni mume wangu. Mleteni nimwone kabla hajaota meno."

#50 Alfred wa Tabata

Hongera Mjukuu. Mzee Kalamu, mke wangu kauliza kama lile jini la jina langu linaweza kutusaidia kulipa ada Januari.